Punda Tarishi na Kofia Yake

4 Machi, Jumatatu

Binti yangu amepewa sehemu nzima! Nzima, siyo kipande! Ataiongoza mwenyewe kuanzia neno la kwanza mpaka majina yanapopanda mwishoni, na jina lake ndilo litakalopanda la kwanza. Haya, sasa naweza kukaa chini nikaandika kama mtu mwenye akili zake.

Daftari nimelinunua leo leo. Watu wataniuliza ilikuwaje, na mimi sitaki kuanza kubabaika, "Eh, ngoja nikumbuke." Shule niliishia njiani lakini mwandiko wangu hata mwalimu aliusifu.

Kipindi chenyewe ni kile cha katuni cha Jumapili jioni, "Ghorofa ya Nne", kile ambacho watu wazima wanakitazama huku wakijifanya wanawaangalia watoto tu. Ni familia moja na meza moja ya kulia. Kuna baba anayetengeneza vitu vizima mpaka viharibike, bibi anayekuwa kiziwi pale anapotaka, na jirani yao Mama Redio anayeingia na habari kabla ya hodi. Mimi nampenda Mama Redio kuliko wote. Jana nimemcheka hadi machozi, nikamwambia mume wangu, "Watu wa namna hii wapo kweli, ujue."

Akasema, "Wapo."

Binti yangu huyu tunamwita Kidole. Tangu hajajua kutembea alikuwa anachora kwa kidole kwenye mvuke wa madirisha, kwenye unga, kwenye mgongo wa baba yake aliyelala. Leo analipwa kwa kidole hicho hicho. Nani mwingine mtaa huu ana mtoto kama huyo? Hayupo. Nimeuliza.

Mvua imeanza leo. Shuka ninazoifulia nyumba ya wageni zimerudi ndani zikiwa mbichi.

6 Machi, Jumatano

Mvua. Nimeshawaambia mtaa mzima. Waliobaki ni wale wa nyumba ya bati jipya, wamesafiri.

10 Machi, Jumapili

Sebule yangu imekuwa kama meli, shuka zimening'inia kila upande. Kazi ya dobi na mvua haziivani. Kidole alikaa katikati ya shuka hizo na ubao wake wa kuchorea, mimi napiga pasi, akanieleza mambo ya kazini kwao. Mambo mazito kweli kweli.

Kumbe wanaotengeneza katuni hizi za familia hawachori tu vichekesho vyao. Wanawakumbuka waliotangulia. Akanirudishia sehemu ya mwaka jana, ile ambayo baba anaporomoka ngazi. Nimeitazama mara ngapi sijui. "Tazama rangi, mama." Nikatazama. Anapoanza kuporomoka rangi zinapotea, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, muziki wote unanyamaza kinabaki kinanda kimoja, na mikono yake inalegea kama mpira. Akifika chini, rangi zinarudi, anajipangusa, maisha yanaendelea.

"Hivyo ndivyo walivyokuwa wakichora zamani kabisa," akasema. "Hatusemi kitu. Anayejua atajua, asiyejua atacheka tu mtu kaanguka."

Akanionyesha kabati linalofunguliwa kidogo, ndani wamekaa wanyama wa katuni za kale wanacheza karata, mlango ukafungwa. Nusu dakika haifiki! Mimi siku zote nilidhani ni uchafu kwenye kioo.

"Sasa huo si wizi?" nikauliza.

"Wizi ni ukificha ulikokitoa. Sisi tunataka kijulikane. Kazini tunaita shikamoo. Mtu anasema, hapa tuweke shikamoo, tunaelewana."

Nimelipenda neno hilo. Katuni kuamkia katuni iliyoizidi umri.

Na shikamoo ya Kidole ni kwa nani? Kwa Punda Tarishi! Nilitaka kuunguza foronya. Punda Tarishi alikuwa akionyeshwa kabla ya taarifa ya habari, dakika chache tu, punda mwenye mkoba wa barua na kofia, anatembea mtaa ambao haufiki mwisho. Chungu cha maua kilipita nyuma yake, kikapita tena, kikapita tena, maana mchoraji alikuwa na karatasi moja ndefu ya mtaa na aliizungusha. Halafu kulikuwa na ile sehemu waliyoirudia kila likizo: Punda anapita mlango wa duka la mikate, ghafla kofia haipo kichwani, kisha ipo. Mchoraji alisahau kuichora. Hapa kwetu ilikuwa sheria, anayewahi kupiga kelele "Kofia!" haoshi vyombo. Kidole alikuwa na meno manne lakini aliwahi kuliko baba yake.

Sasa katika sehemu yake, familia ya Ghorofa ya Nne inapata barua ambayo Punda Tarishi hakuwahi kuifikisha. Rangi zinaondoka, Punda anakuja kwenye korido yao, chungu cha maua kinapita, kinapita, na akifika mlangoni kofia inapotea vile vile kama zamani.

Nimemwambia hata mimi nisingebuni kitu kizuri hivyo. Na mimi si haba.

14 Machi, Alhamisi

Mvua, umeme hakuna, pasi ya mkaa imenichafulia shati la watu. Sitaki kuandika.

19 Machi, Jumanne

Kuna kizingiti. Bosi wa Kidole amesema Punda Tarishi ana mwenyewe na mwenyewe yu hai, lazima akubali. Ni mama mmoja mtu mzima, alikuwa akijulikana kwa jina la Bibi Wino, siku hizi anaandika mabango ya maduka nyuma ya stendi. Kidole amempelekea ujumbe mara mbili, kimya. Bosi ametoa muda mpaka mwisho wa Aprili. Asipokubali, Punda anaondolewa.

"Akiondolewa kinabaki nini?" nimemuuliza.

"Watu wanne mezani wanasoma barua isiyo na mtu aliyeileta." Akakwaruza ukucha kwenye meza. "Na bosi anasema hiyo sehemu atapewa mwenzangu airekebishe."

Mwenzangu! Nimesimama, nimekaa, nimesimama. Nimekunja shuka ambazo hazijakauka.

"Mama," akasema, ananitazama kwa chini. "Tafadhali usiende."

"Niende wapi?"

24 Machi, Jumapili

Nimekwenda.

Nilivaa vizuri, nikachukua mwavuli wa mume wangu ulio mzima. Kibanda chake kina harufu ya rangi, mabango yameegemezwa ukutani, SALUNI, VIATU, TUNAUZA MAJI. Herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Yeye mwenyewe mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, brashi mkononi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akanipa ndoo niikalie. Akadhani nataka bango.

Nami nikaanza. Ee Mungu, nilivyoanza! Nikamwambia binti yangu ni nani, kasoma wapi, bosi wake anamsifu vipi, kipindi kinatazamwa na watu kiasi gani. Nikamwambia Punda wake amelala miaka yote, sasa binti yangu anamfufua, tena mzuri kuliko alivyokuwa. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu. Kama ningeishia hapo. Sikuishia.

"Na lile kosa lako la kofia, mama, ameliweka! Vile vile! Watu watacheka mpaka waanguke!"

Aliweka brashi chini.

"Lile kosa," akasema.

"Ndiyo! Mlangoni!"

"Niliwaomba walichome. Nilikwenda kwa miguu yangu kuomba. Wakalirudia kila likizo." Hakupandisha sauti. "Watoto wa shule walinifuata njiani, Kofia! Kofia! Nikawa nazunguka nyuma ya soko nisikutane nao. Nimechora yule mnyama kwa mkono huu, picha kwa picha, sina msaidizi, na kitu ambacho watu wamekibeba ni zile chache nilizosahau. Sasa binti yako anataka wajukuu zao nao wanicheke."

"Hapana, mama, ni shikamoo..."

"Shikamoo hupewa mtu usoni. Haipitishwi kwenye televisheni huku watu wanacheka." Akasimama, akanipa mwavuli wangu. "Mwambie Punda ni wangu, abaki alipo."

Nimerudi nimelowa mguu mmoja. Sijui kwa nini mmoja.

28 Machi, Alhamisi

Sijamwambia Kidole. Mvua haikati. Foronya moja nimeipiga pasi mara mbili, nikaikunja, nikaikunjua.

2 Aprili, Jumanne

Kajua. Bibi Wino amempigia simu bosi akasema hapana, na akasema nani aliyekuja kwake.

Kidole aliingia, hakuvua viatu. "Uliniahidi."

"Sikuahidi. Nilinyamaza."

"Wewe? Ulinyamaza?"

Baba yake akakohoa kule nyuma ya shuka. Nikamwambia akohoe nje. Kidole akasema alikuwa amepanga kwenda mwenyewe, taratibu, na michoro yake, bila maneno mengi. Halafu akasema, "Mama, wewe unapenda kunitangaza kuliko unavyonipenda," akaingia chumbani kwake.

Nimeandika maneno hayo hapa nione kama yatapungua ukali. Hayajapungua. Nimetembea toka jikoni mpaka mlangoni hadi mume wangu akasema nitachimba mfereji.

7 Aprili, Jumapili

Kidole amekula amesimama, akaondoka.

11 Aprili, Alhamisi

Nilikwenda kwa Msusi, jirani yangu, angalau nikae mahali pasipo na shuka. Alikuwa anamsuka mteja. Nikaanza kulalamika, nikamwambia yote, la punda, la kofia, la yule bibi mwenye hasira. "Kachorewa punda wake kwa heshima, ananuna! Mimi nikichorwa nitashukuru."

Msusi akaacha kusuka. "Ukichorwa?"

"Ndiyo, nikichorwa."

Akamtazama mteja. Mteja akatazama sakafu. Nikaona mabega ya mteja yanatikisika.

"Shoga," Msusi akasema, "kwani hujui Mama Redio ni nani?"

Nikacheka. Kisha sikucheka.

"Anayeingia na habari kabla ya hodi," Msusi akasema taratibu. "Mwenye mwavuli wa mume wake. Anayesema 'na mimi si haba'. Shoga, mtaa mzima tunajua. Tulidhani nawe unajua, maana wewe ndiye unayecheka kutuzidi."

Nimerudi nyumbani. Nimekaa kwenye kiti kimoja mpaka giza likaingia. Misimu miwili! Misimu miwili nimejikalia sebuleni kwangu najicheka mwenyewe na kusema watu wa namna hii wapo!

Na yule mume: "Wapo."

15 Aprili, Jumatatu

Sikuweza kungoja tena. Nilimvizia Kidole mlangoni.

"Mama Redio ni mimi?"

Alibaki na funguo mkononi. "Mama, nilidhani unajua. Ulikuwa unafurahi sana."

"Nilikuwa namcheka mtu mwingine!"

"Hiyo nayo ni shikamoo, mama. Nilikuwa mgeni pale, wakaniambia nilete mtu mmoja ninayeweza kumchora nikiwa nimefumba macho. Nikakuleta wewe."

"Shikamoo ya mdomo wazi? Kila nikionekana mdomo uko wazi! Hukuona kitu kingine kwangu? Nimewafulia watu miaka yote mpaka vidole vimechubuka, hukuona? Ukaona mdomo?"

Alitaka kunishika mkono, nikautoa. Tukasimama hivyo kwenye korido, maji yanadondoka kwenye beseni, na mimi katikati ya hasira zangu nikamwona yule bibi akinirudishia mwavuli. Nikaona aibu hadi masikio yakawaka. Nilimwendea mtu nikamwambia kwa furaha kwamba doa lake litaoneshwa upya, halafu nikashangaa hakupiga makofi.

Sikumwambia Kidole hilo. Nimesema tu nimechoka.

21 Aprili, Jumapili

Nimerudi kwa Bibi Wino. Safari hii nilipiga hodi, nikangoja karibu. Sikuwa na habari yoyote ya kutoa.

Alinitazama juu ya miwani. "Binti yako kakutuma?"

"Hajui niko wapi. Nimekuja kukuomba radhi kwa maneno yangu. Na mimi nimechorwa."

"Umechorwa nini?"

Nikamweleza. Nilipofika pale Msusi aliposema mtaa mzima tunajua, akageuza uso, na miwani ikaanza kutikisika.

"Cheka tu, mama," nikasema. "Wenzako wamecheka misimu miwili."

Akacheka kweli. Akaniambia nisitoke, mvua kubwa, tena muda si mrefu kipindi kinaanza, tumtazame huyo Mama Redio. Ana televisheni ndogo juu ya makopo ya rangi. Nikataka kukimbia. Nikakaa kwenye ndoo.

Mama Redio akaingia, mdomo wazi, mwavuli juu. Nikafumba macho. Bibi Wino akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akakaza macho kama mtu anayetafuta sindano. Kilipokwisha akaniuliza, "Umeona mikono?"

"Mikono ya nani?"

"Yako. Baba wa nyumba akiongea, kinachocheza ni midomo tu, mwili ni picha ile ile. Bibi naye hivyo. Watoto hivyo. Hakuna ubaya, kila mchoraji anabana kazi, mimi nilizungusha chungu kimoja cha maua mpaka kikachakaa. Lakini mama huyu akiongea mikono yake haijirudii hata mara moja. Kila picha imechorwa upya. Anakunja kitu, anakung'uta kitu, ananyoosha kitu hewani huku mdomo unakwenda." Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe, nami nikajiona: hivyo ndivyo ninavyokunja shuka. "Hiyo ni kazi ya kumaliza macho. Na hakuna aliyemwomba. Mtu hajichoshi hivyo kwa mtu anayemdharau."

Nikaitazama mikono yangu mwenyewe. Mimi!

Kisha nikamwambia, "Basi na yeye Punda wako anamchora kwa wino, kwa mkono, kwenye karatasi. Wenzake wanachora kwenye kompyuta. Amejaza sanduku zima la karatasi zilizoharibika. Nilidhani anapoteza muda."

Bibi Wino akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa. Ilikuwa na rangi zaidi kuliko mwanzo. Akasema, "Mwambie anikaribishe mwenyewe," na hakusema neno jingine.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Kidole yote, kuanzia ombi la radhi mpaka mikono. La mikono alipolisikia akaketi sakafuni.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia wakati gani, mama? Unapata nafasi ya kusikiliza?"

Nikanyamaza. Kwa kweli nilinyamaza, na mume wangu ni shahidi.

22 Aprili, Jumatatu

Kidole amekwenda nyuma ya stendi peke yake. Mimi nimebaki nyumbani. Jamani kubaki nyumbani ni kazi! Nimefua hata mapazia.

27 Aprili, Jumamosi

Bibi Wino amekuja kwetu. Amevuka matope yote yale na kichupa cha wino mkobani. Nilimkaribisha, nikampa kiti, nikaenda kusimama nyuma ya shuka ili nisije nikasema kitu.

Kidole akamtandikia karatasi mezani, zile za mlangoni. Bibi akazipitisha moja moja kwa kidole gumba. Zilipofika za bila kofia, akasita. Mimi nyuma ya shuka nikaacha kupumua.

"Umekosea," akasema.

"Nimekosea wapi, bibi?"

"Masikio. Umeyasimamisha. Kwangu yalikuwa yamelala hivi, kama yamebanwa. Nilisahau kuchora kofia, lakini masikio hayakusahau kwamba ipo." Akafungua wino. "Sogea."

Akachora. Hakufuta hata mstari mmoja. Kidole alikuwa ameinama karibu yake, nywele zao zinakaribia kugusana, wanaulizana unaanza na shingo au mguu, na mimi sikuelewa hata nusu.

Alipomaliza zile chache, akaomba simu. "Bosi? Ni mimi mwenye punda. Mruhusuni apite. Ndiyo, na kofia ikipotea, ipotee. Lakini jina langu nitaliandika mwenyewe kwa brashi, herufi zenu za kompyuta zimekonda."

Kidole akasema jina hilo ndilo litakalopanda la kwanza, lake lifuate.

La kwanza! Mimi nimeshauambia mtaa mzima. Kidole alinitazama, anangoja. Nimemeza. Lilishuka polepole, lakini limeshuka.

"Herufi ziwe kubwa," nikasema, "mama mwenyewe aone vizuri."

3 Mei, Ijumaa

Jua saa nzima. Nimeanika kila kitu, nikaanua kila kitu.

9 Mei, Alhamisi

Sehemu imekamilika. Kidole amelala mchana kutwa na viatu, nimemvua kama mtoto. Nilimuuliza kama Mama Redio yumo, akasema yumo, nikauliza anafanya nini, akajifunika shuka kichwani. Usingizi siupati. Nimefagia chini ya kabati.

Nimekwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba kukaribisha watu. Nimewaambia ni kazi ya Bibi Wino na binti yangu, kwa mpangilio huo, na wale wa nyumba ya bati jipya wameniuliza kama naumwa. Msusi ataleta viti vyake vya saluni. Mume wangu atashika waya wa antena mvua ikirudi. Shuka zote za nyumba ya wageni zitakuwa zimetoka sebuleni, hata kama ni mbichi, hata kama mwenye nyumba ya wageni atanuna. Bosi amesema atajitahidi, nikamwambia asijitahidi, aje. Bibi Wino amekataa mwavuli wetu na amekataa kufuatwa, amesema njia anaijua, atapita ile ya shule. Kiti chake nitakiweka mbele kabisa, pasipo na mtu wa kumziba, na mimi nitakaa kwenye ndoo pembeni yake.

Ni Jumapili hii, tarehe kumi na mbili, saa kumi na moja jioni. Waje wote, na wawahi.